Kabla Bati Halijakatwa: Bima na Karatasi za Vani Inayogeuzwa Kempa

Nawashukuru mafundi mliofunga gereji mapema ili mfike. Mada niliyopewa ni bima na karatasi za gari linalogeuzwa kuwa kempa, gari la kusafiria na kulala. Habari za plaiwudi, sola na godoro mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo nitabaki kwenye sehemu ambayo grainda haiifikii.

Tuchukue mfano mmoja, twende nao mpaka mwisho. Mtu amenunua Toyota HiAce iliyotumika Japani, imeshushwa Mombasa na kusajiliwa kama vani. Anataka kwenda nayo Magadi, Turkana na Watamu bila kutafuta hoteli. Anaipeleka kwa fundi. Viti vya nyuma vinang'olewa. Ubavuni linakatwa dirisha, na paa linatobolewa tundu la hewa kisha kufungwa paneli mbili za sola. Ndani vinaingia kitanda cha kukunja, kabati, tangi la maji la lita 100, betri ya lithiamu, inveta, na meko yenye mtungi wa gesi wa kilo 6. Mwisho ni rangi: nyeupe inageuka kijani. Gari linatoka gereji likipendeza, jirani wanapiga picha. Lakini katika rejista ya serikali bado kuna vani nyeupe yenye viti vyake vyote, na katika faili ya kampuni ya bima mna vani hiyohiyo nyeupe. Gari la kijani halijulikani na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kulitetea siku ya ajali.

Ninachotaka kusema jioni hii ni kimoja: kampuni ya bima na msajili wa magari waarifiwe kwa maandishi kabla ya bati kukatwa. Wengi hufanya kinyume. Humaliza kazi, husafiri miezi kadhaa, ndipo hukumbuka karatasi, na mara nyingi hukumbushwa na polisi au na moto.

Nianze na logibuku, kwa sababu wenye magari wengi huitazama siku mbili tu, siku ya kununua na siku ya kuuza. Ifungueni, iwe ya karatasi au ya mtandaoni, msome kila kisanduku. Kuna nambari ya usajili, nambari ya chesisi, modeli, umbo la bodi, aina ya mafuta, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa na nambari ya injini, rangi, uzito wa jumla, idadi ya abiria, uzito wa gari likiwa tupu, idadi ya ekseli, na uwezo wa mzigo. Sasa irudieni ile HiAce. Umbo la bodi limebadilika. Rangi imebadilika. Abiria wamepungua. Uzito wa gari tupu umepanda, na uwezo wa mzigo umeshuka kwa kiasi hichohicho. Visanduku vitano vinasema habari za gari ambalo halipo tena, na mwenye gari ndiye anayewajibika kumwarifu msajili.

Baada ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, kuundwa kwa sheria ya mwaka 2012, usajili wa magari ulitoka mikononi mwa mamlaka ya kodi ukaja kwake. Mabadiliko ya maelezo ya gari huombwa kupitia akaunti ya mtandaoni, hulipiwa, kisha gari hupelekwa kukaguliwa. Nairobi, kituo kinachojulikana na kila dereva ni kile cha Likoni Road, Industrial Area. Mkaguzi ataanza na nambari ya chesisi, na hapo nina neno kwa mafundi: msichomelee, msipake rangi nzito wala msifunike kwa kabati mahali palipochongwa nambari hiyo. Gari ambalo nambari yake haisomeki hushukiwa kuwa la wizi, na mteja wenu ataanza safari ndefu ya kujitakasa. Pigeni picha ya nambari hiyo siku gari linapoingia gereji, na nyingine siku linapotoka.

Uzito nao unastahili dakika moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa limeongeza kilo 100 kabla hamjaweka sufuria. Ongezeni mbao, betri, paneli, kitanda na watu wawili wenye mizigo yao. Gari hupimwa mara mbili kwenye mizani ya malori, mara ya kwanza kabla ya kazi na mara ya pili baada ya kazi likiwa na maji na gesi. Tikiti za mizani zihifadhiwe. Gari lililozidi uzito wa jumla ulioandikwa hupasua tairi na huchelewa kusimama, na mkadiriaji wa hasara akilikagua baada ya ajali, tikiti hizo ndizo atakazoziulizia kwanza.

Sasa bima, na hapa nitakaa kidogo.

Kanuni inayotawala mkataba wa bima ina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Mwaka 1760 Wafaransa waliiteka Fort Marlborough, ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra. Gavana wa ngome hiyo, George Carter, alikuwa amekata bima London, kupitia ndugu yake, dhidi ya kutekwa kwa ngome na adui kutoka Ulaya. Aliyeiandika bima hiyo, Charles Boehm, alikataa kulipa. Alidai kwamba gavana alificha jinsi ngome ilivyokuwa dhaifu. Kesi ilifika mbele ya jaji Lord Mansfield, naye mwaka 1766 akaeleza jambo ambalo mahakama zinalirudia mpaka leo: mambo yanayopimia hatari kwa kawaida anayajua mwombaji wa bima peke yake, na anayemwandikia bima hana budi kuliamini neno lake. Mwombaji akificha, mkataba unaweza kubatilishwa.

Wasimulizi wengi wa kesi hii huishia hapo, nami naona wanamwonea msikilizaji, kwa sababu Carter alishinda. Alishinda kwa kuwa uwezekano wa Wafaransa kushambulia ulikuwa jambo ambalo Boehm, akiwa London penye habari za vita, angeweza kulijua mwenyewe. Wajibu wa kusema unahusu yale ambayo mwenzako hana njia ya kuyajua. Ofisa wa bima aliyeko ghorofa ya saba anajua kwamba barabara ya Mai Mahiu ina ajali na kwamba HiAce huibwa. Hana njia ya kujua kwamba nyuma ya kiti chako kuna mtungi wa gesi.

Kenya ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na kanuni hii ya uaminifu wa hali ya juu ikaja nazo. Uingereza yenyewe imeilegeza kwa mwananchi wa kawaida. Sheria yao ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, inamtaka mwenye gari ayajibu kwa uangalifu maswali anayoulizwa, na akikosea bila nia mbaya fidia yake inaweza kupunguzwa badala ya kufutwa yote. Kwetu mzigo bado uko upande wa anayekata bima, hata kama fomu haikuuliza. Ndiyo maana nawaomba msifuate ushauri wa video za YouTube zilizopigwa Bristol au Manchester. Kukata dirisha watakufundisheni vizuri. Sheria wanayoitegemea ikitokea hasara si hii yetu.

Basi useme nini? Sema kila kilichoongeza hatari ya moto, wizi, kupinduka au kuumiza mtu. Gesi ndiyo ya kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenye tundu la paani, hutambaa sakafuni ikakusanyika chini ya kitanda na kungoja cheche. Kwa hiyo kampuni itataka kujua mtungi umefungwa wapi, kama kabati lake limetengwa na chumba cha kulala, na kama lina tundu chini, sakafuni kabisa, la kutolea gesi nje. Umeme ni wa pili: betri ya aina gani, inveta ya nguvu gani, fyuzi ziko wapi, nani aliunganisha nyaya. Kisha viti: waliokaa nyuma gari likitembea wana mikanda, au wamekaa kitandani? Kisha paneli za sola juu ya paa, ambazo ni mali inayovutia mwizi na ni uzito ulio juu. Mwisho matumizi: unalala humo mara ngapi, unaegesha wapi usiku, nani mwingine analiendesha.

Haya yote yaingie katika barua, au baruapepe, na isiwe simu kwa wakala. Wakala ni mtu mwema, lakini akihama kampuni mazungumzo yenu yanahama naye. Barua inaweza kuwa fupi kama hii:

"Mimi ni mwenye gari lenye nambari ya usajili iliyotajwa hapo juu, lenye bima kamili kwenu. Nakusudia kuligeuza liwe gari la kulala. Kazi itahusu kung'oa viti vya nyuma, kukata dirisha moja ubavu wa kushoto na tundu la hewa paani, kufunga paneli mbili za sola, betri, inveta, tangi la maji la lita 100, na meko ya gesi yenye mtungi wa kilo 6 uliofungwa katika kabati lenye tundu la chini. Rangi itabadilika kuwa kijani. Gari litakuwa gereji kwa takriban miezi miwili. Naomba mnieleze kwa maandishi: kama mnakubali mabadiliko haya, masharti na ongezeko la malipo, kama gari limekingwa dhidi ya moto na wizi likiwa gereji, na kama mnahitaji thamani mpya kazi ikikamilika. Sitaanza kazi kabla ya kupata jibu lenu."

Sentensi ya mwisho ina nguvu kuliko inavyoonekana. Inamlazimu ofisa ajibu, na inaonyesha mahakamani kwamba mwenye gari hakuficha kitu. Jibu likija liambatane na nyongeza rasmi ya mkataba yenye sahihi. Kampuni ikikataa, umejua mapema, na bado una vani nzima unayoweza kuikatia bima kwingine.

Swali la gari kuwa gereji limo ndani ya barua kwa makusudi. Cheche moja ya kuchomelea ikiangukia povu la kiti, gari linateketea saa kumi jioni mbele ya fundi. Mwenye gari atamwangalia fundi, fundi ataangalia chini. Mafundi wangu, ninyi pia mna haki ya kuuliza. Kabla ya kupokea ufunguo ombeni kuona ile nyongeza, na iandikwe kwenye karatasi ya kazi ni nani atakayebeba hasara ya moto. Gereji inayofanya hivyo inapata wateja wa kudumu, na nasema hivi kwa kuwa nimeona undugu ukivunjika juu ya jambo hili.

Thamani ya gari ina hesabu yake. Tuseme vani ilinunuliwa kwa shilingi 1,500,000, ikakatiwa bima ya kiasi hicho, na kazi ya kuigeuza ikagharimu 900,000. Sasa gari lina thamani ya 2,400,000. Moto mdogo jikoni unaleta hasara ya 480,000. Ikiwa mkataba wako una kifungu cha wastani, kampuni itasema umekata bima ya sehemu tu ya gari, yaani 1,500,000 kwa 2,400,000, na itakulipa kwa uwiano huo: shilingi 300,000, kabla hata ya kutoa kile kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai. Zile 180,000 zilizobaki zinatoka mfukoni mwako. Risiti za mbao, betri na kazi ya fundi ndizo zitakazomshawishi mthamini aandike thamani mpya. Fundi asiyetoa risiti anamnyima mteja fedha za kesho, na hilo sitalisema kwa upole.

Nimezungumza mpaka sasa kana kwamba anayepata hasara ni mwenye gari tu. Kuna mtu mwingine, na ndiye ninayemfikiria zaidi: mtu anayevuka barabara Salgaa au Mtito Andei na mtungi wa maji kichwani. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kumlipa mtu huyo. Sheria hiyo imeweka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja, na mahakama ikitoa zaidi, kinachozidi kinakuangukia wewe. Kwa kawaida kampuni humlipa majeruhi aliyeshinda kesi hata kama ina ugomvi na mwenye gari. Lakini sheria inaipa nafasi ya kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu tangu ianze, kuomba itamkwe kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi. Ikifaulu, majeruhi yule anabaki na hukumu mkononi na mdaiwa mmoja tu, wewe, mwenye vani iliyopondeka. Ulichokificha kwa ajili ya kupunguza malipo ya mwaka kinamfikia mtu ambaye hata hakujua una meko ndani ya gari.

Abiria wana habari yao, na wengi huishangaa. Sheria hiyo hailazimishi bima ya mtu aliyebebwa bure katika gari la binafsi. Rafiki yako aliyelala nyuma mkielekea Nanyuki hayumo, isipokuwa umenunua ulinzi wa abiria kama nyongeza. Ulizeni bei yake. Na viti vyenye mikanda vihesabiwe kwa uaminifu, vilingane na idadi iliyo katika logibuku mpya. Hata kwenye malango ya mbuga zetu ada ya gari hufuata idadi ya viti.

Kisha inakuja tamaa inayoeleweka kabisa. Gari limependeza, rafiki anataka kulikodi wikendi, na rafiki wa rafiki naye anataka. Siku unapopokea fedha, matumizi ya gari yamebadilika kutoka binafsi kuwa biashara, na mkataba wa bima ya gari la binafsi kwa kawaida unakataza waziwazi kukodisha. Hapa hakuna pembe ya kujificha: ujumbe wa M-Pesa una tarehe na kiasi. Anayetaka kukodisha akate bima ya kukodisha, na akibeba watalii apate leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Gharama yake ni kubwa zaidi, nami naamini biashara isiyoweza kubeba gharama hiyo haijawa biashara bado.

Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, logibuku ina jina la benki pamoja na lako, na benki imetajwa pia katika bima. Barua ile ile ipelekwe huko. Kukata bodi ya gari ambalo ni dhamana ya mwingine bila ruhusa kunaweza kuhesabiwa kuwa kuvunja mkataba wa mkopo.

Kwa wanaovuka mipaka, kadi ya njano ya COMESA ndiyo inayotambulika Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, na hata Tanzania, ambayo ilijitoa COMESA lakini imebaki ndani ya mpango wa kadi hii. Ilianza kutumika mwaka 1987. Kumbukeni kwamba inamkinga mtu wa tatu na kugharamia matibabu ya dereva na abiria, lakini hailipii gari lako. Kempa yako ikiungua Mto wa Mbu, Tanzania, hailipwi mpaka kampuni yako iwe imeongeza nchi hiyo katika mkataba, kwa maandishi na kabla ya safari. Na pale mpakani Namanga ofisa wa forodha atashika logibuku mkono mmoja na kulitazama gari. Imeandikwa nyeupe, mbele yake kuna kijani. Ana haki ya kukuweka kando hadi jua litue.

Nimalizie kwa ombi kwa wakubwa. Uingereza, mtu akitaka vani yake iandikwe gari la kulala, ofisi ya usajili iliyoko Swansea imeweka orodha ambayo kila mtu anaweza kuisoma: viti na meza, kitanda, jiko na kabati vilivyofungwa imara ndani, na kwa nje, madirisha mawili au zaidi angalau ubavu mmoja, mlango wa kuingilia sehemu ya makazi, michoro ya kempa pande zote mbili, ufito wa kutundikia turubai, paa lililoinuliwa la kudumu. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu gari halionekani kempa kwa nje, na wenye magari huko wanalalamika, kwa haki naona, kwamba michoro ubavuni haimwokoi mtu na moto. Lakini wana orodha. Mwombaji anajua atapimwa kwa kipi kabla hajatoa hata senti moja.

Nawaomba NTSA na mamlaka inayosimamia bima wakae pamoja watoe ukurasa mmoja kama huo, kwa Kiswahili na Kiingereza, ubandikwe Likoni Road na katika kila ofisi ya wakala. Michoro waiache. Waandike mahali pa mtungi wa gesi na tundu la chini, fyuzi ya betri, mikanda ya viti, mlango wa pili wa kutokea moto ukiwaka, tikiti mbili za mizani, na nambari ya chesisi iachwe wazi. Waandike pia kwamba barua ya kampuni ya bima ya kukubali mabadiliko iambatanishwe na maombi, ili ofisi mbili zisome habari za gari moja. Rasimu nimeileta, nakala ziko mezani karibu na mlango. Naomba mafundi watangulie kuisoma na kuisahihisha kwa kalamu, hasa sehemu ya gesi, nami nitaipeleka ikiwa na masahihisho yenu.